Maji ya Radiatere Inaenda Wapi?



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaongea juu ya kamio. Kooperative mingi sasa iko na kamio yake, ao inakodi moja kila musimu, na mavuno haifiki sokoni kwa miguu yake yenyewe.

Musimu uliopita wa tomati niliitwa kwenye mulima wa Ngomo, katikati ya Kamanyola na Nyangezi. Kamio ya kooperative moja ya bonde la Ruzizi ilikuwa imesimama kwenye kona, mawe nyuma ya matairi, mvuke umekwisha kutoka wote. Juu yake kulikuwa vitunga vya tomati na mifuko ya muchele. Shofere aliniambia kama motere ilichemka gafula. Alikuwa amekimbia kwenye kijito, akaleta bidoni ya maji ya baridi, akaimwanga yote ndani ya radiatere wakati motere ilikuwa bado moto kabisa. Kilasi ikapasuka. Tomati zikakaa siku mbili kwenye jua. Wamama wenye tomati wakauzisha kwa wapita njia kwa bei ya kutupa, na zingine wakazimwanga bondeni. Muchele ulifika Bukavu kwa kamio ya kukodi, na ile kukodi ikakula faida yote.

Lakini haikuwa gafula. Magaribi, wakati watu walikuwa wamepunguka, shofere aliniambia ukweli. Tangu wiki tatu alikuwa anaongeza maji kila asubui. Mwanzoni kachupa kamoja. Kisha litre moja. Wiki ya mwisho, litre tatu. Hakuambia komite, juu mara ya mwisho kitu kiliharibika walikikata kwenye mushahara wake. Tulipoangalia na torshi, maji ilikuwa inatokea kwenye katundu kadogo chini ya pompi ya maji. Kubadilisha ile pompi ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye kujua.

Kwa hiyo tuanze na hili: motere nzima hainywi maji. Mafuta ya motere inaweza kupunguka kidogo kidogo bila ugonjwa. Mazutu inaungua, njo kazi yake. Lakini maji ya radiatere inazunguka tu ndani ya fasi yenye kufungwa: inatoka kwenye motere na joto, inapita kwenye radiatere, upepo unaipoza, inarudi. Kama inapunguka kila siku, kuko fasi inatokea, na ile fasi haitajifunga yenyewe.

(Kuko motere moja yenye haifuate sheria hiyo. Motere ndogo za silinda moja za kutwanga muchele, zile ziko na tanki ya maji ya wazi juu yake, zinapoza kwa kuchemsha maji na kutoa mvuke. Pale kuongeza maji ni kazi ya kila siku, si ugonjwa. Ninasema hivi juu nimekwisha kuitwa mara mbili kwenye kinu kutafuta muvujo wenye haukuwa.)

Mulima na kifuniko

Kuna jambo moja wengi hawalijui, na kwa sisi wa milima ni la maana kuliko yote. Tunajua kama maji inachemka kwa digri 100. Ile ni kweli pembeni ya bahari. Kadiri unapanda, hewa inakuwa nyepesi na maji inachemka mbele. Uvira, pembeni ya ziwa Tanganyika, ni karibu digri 97. Bukavu, yenye iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, ni karibu digri 95. Wamama wenye kupika maharagi juu ya milima wanajua: maharagi inakawia kuiva, hata moto ukiwa mukali.

Sasa, motere ya kamio inafanya kazi kwa joto la digri 80 mpaka 95, na kwenye mulima na muzigo inaweza kupita pale. Maji inakosaje kuchemka? Ni kazi ya kifuniko cha radiatere. Ndani yake kuko resore na kampira. Inafunga maji kwa nguvu, na maji yenye kufungwa kwa nguvu inachelewa kuchemka. Juu ya vifuniko vingi kumeandikwa namba, kama 0,9 ao 1,1. Ile ni nguvu yenye kifuniko kinashikilia, kwa kipimo cha bari. Kwa bari moja, hata Bukavu maji inapita digri 115 mbele ya kuchemka.

Mutaona sasa matokeo yake. Kampira ka kifuniko kakipasuka, ao resore ikilegea, motere yenye kuonekana nzima kwenye bonde itachemka juu ya Ngomo, bila tone moja kuanguka chini. Njo sababu mimi ninaanza siku zote na kifuniko. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ni kile kinasahauliwa kuliko vyote. Kitoshe motere ikiwa baridi. Angalia kampira: kusikuwe nyufa, kusikuwe ngumu kama ngozi ya kukauka. Sukuma resore na kidole, inapaswa kurudi. Angalia pia mudomo wa radiatere penye kinakalia: kutu ao uchafu pale unaacha nguvu itoke. Kama unanunua kingine, namba ikuwe ile ile yenye wenye kutengeneza motokari waliweka. Kifuniko cha namba kubwa hakifanye motere kuwa na nguvu, kinapasua tu mipira.

Na hili tulirudilie hata kama munalijua: usifungule kifuniko motere ikiwa moto. Maji yenye kufungwa kwa digri 110 inaruka palepale usoni, na inachoma kuliko maji ya sufuria. Ngojea saa nzima. Kamata mupira wa juu wa radiatere na mukono: kama ungali moto ao mugumu, ngojea tena. Kisha funika kifuniko na kitambaa kinene, zungusha kidogo tu, acha ipumue, njo umalize.

Kaye na kartoni

Mbele ya kuita fundi, hakikisha kama maji inapunguka kweli, na inapunguka namna gani. Inaomba vitu viwili: kaye na kartoni.

Asubui, kamio ikiwa fasi ya sawasawa na motere baridi, jaza maji, kisha weka alama na biki kwenye kachupa ka maji ya akiba pembeni ya radiatere. Siku yenye kufuata, saa ile ile, angalia tena. Andika kwenye kaye: tarehe, kiasi ulichoongeza, njia kamio ilifanya. Siku ya kwanza nyuma ya kujaza, maji inaweza kushuka kidogo juu ya hewa yenye inatoka, usiogope. Lakini ikishuka asubui tatu kufuatana, kuko muvujo. Na kama kiasi kinaongezeka kila siku, musingoje siku ya soko.

Magaribi, tandika kartoni kavu chini ya motere. Asubui kartoni itakuonyesha kama kuko tone, na upande gani. Likidi ya radiatere iko na rangi, mara mingi kijani ao nyekundu, na inanata kidogo kwenye vidole. Mafuta ya motere ni nyeusi na inateleza. Kama munatumia maji matupu, doa halina rangi na linakauka, kwa hiyo angalia mapema mbele ya jua. Lakini usifikiri kama tone linaanguka chini ya tundu. Maji inafuata chuma, inatembea mpaka fasi ya chini kabisa, njo inaanguka. Tafuta fasi ya juu kabisa yenye kulowana; pale njo kwenye mwanzo.

Kuzunguka motere na torshi

Fundi mubaya anatazama penye kunalowana leo. Fundi muzuri anatafuta pia alama ya jana. Maji yenye kukauka inaacha njia: nyeupe kama chokaa, ao ya kutu, ao ya rangi ya likidi. Hata muvujo mudogo wenye kukaukia juu ya chuma cha moto unaacha ile alama, na mara mingi njo kitu kimoja tu kinaonekana.

Anza na mipira. Iko mukubwa wa juu, mukubwa wa chini, na midogo yenye kwenda kwenye kipasha joto cha ndani ya kabini kama kiko. Mufinye kila mumoja. Mupira muzuri unarudi. Wenye kuwa laini kama ndizi ya kuiva, wenye kuvimba karibu na kolye, ao wenye kupasuka-pasuka wakati unaukunja, umekwisha. Angalia zaidi mupira wa chini, juu hakuna mutu anauangalia na mafuta inaudondokea. Kaza kolye, lakini bila hasira: kolye yenye kukazwa sana inakata mupira. Na kolye ya waya ya kujifungia ni dawa ya kufikia nyumbani tu.

Kisha radiatere yenyewe. Kwenye barabara zetu mawe madogo inaipiga mbele, na ule mutetemeko unaachisha fasi yenye tanki ya juu ao ya chini inaungana na tutundu twa katikati. Angalia hizo pembe mbili na busho ya chini ya kumwanga maji.

Kisha pompi ya maji. Chini yake wenye kuitengeneza waliacha katundu kwa kusudi. Wakati joenti ya ndani inachoka, maji inatokea pale, kusudi isiingie kwenye bili za pompi. Kwa hiyo kale katundu ni mushitaki: kakilia, pompi inaomba kubadilishwa. Nimekwisha kuona kenye kuzibwa na sabuni. Ni kama kuziba kinywa cha mutoto mwenye homa. Motere ikizimwa, kamata pia puli ya pompi na uitikise. Ikicheza, bili zimeanza kufa.

Fasi zingine ni ngumu kuona: tupastiye twa chuma pembeni ya bloki twenye kutobolewa na kutu, na kipasha joto cha kabini. Kama tapi upande wa abiria imelowana, vioo vya mbele vinafunikwa na ukungu wenye kunata, na munasikia harufu ya sukari, muvujo uko ndani ya kabini. Hakuna kartoni itakuonyesha ule.

Kama hauone kitu motere ikiwa baridi, washa mpaka ipate joto lake, zima, na zunguka palepale na torshi, mikono mbali na ventilatere. Ile nguvu tuliyoongea ingali ndani, na inasukuma maji kutokea kwenye nyufa zenye kujificha. Kuko pia kinyume: mivujo ya kolye yenye inalia asubui tu, wakati chuma na mupira vimejikunja na baridi, na inakauka motere ikipata moto. Garaji zenye kujipanga ziko na kapompi ka mukono kenye saa ya kupima. Wanakafunga penye kifuniko, wanapiga mpaka namba ya kifuniko bila kupita, wanangoja dakika 10 ao 15. Mushale ukishuka, kuko tundu. Wanasikiliza na wanatafuta. Ni kazi ndogo. Ombeni ifanywe mbele ya mutu yeyote kufungula motere.

Wakati kunje ni kukavu

Maji inapunguka, kartoni kavu, mipira kavu, kifuniko kizuri. Pale tunaanza kuwaza joenti ya kilasi, ile tabaka yenye kukaa katikati ya bloki na kilasi na kutenganisha moto, maji na mafuta. Ikiungua, vitu hivi vitatu vinaanza kutembeleana. Alama ziko mingi, na moja peke yake haitoshi.

Tosha kifuniko motere ikiwa baridi, washa, na angalia maji ndani ya mudomo. Hewa kidogo mwanzoni ni kawaida. Lakini mapovu yenye kuendelea bila kuisha, na kuongezeka ukikanyaga, ni moshi wa silinda wenye unaingia kwenye maji. Ao rudisha kifuniko, washa tena asubui, na kamata mupira wa juu: kama unakuwa mugumu kama jiwe katika dakika moja ao mbili, mbele motere ipate joto, ni neno lile lile. Angalia moshi wa nyuma. Moshi mweupe asubui ya baridi ni mvuke, unapita. Wenye kubakia mweupe na muzito hata motere ikiwa moto, na wenye harufu ya sukari, ni maji inaungua.

Kisha mafuta. Tosha joji: mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa iko na maji. Zima, na kamio isitembee tena hata kilometre moja, juu mafuta ya namna ile haishikilie vyuma vya ndani, na yenye ilikuwa joenti itakuwa motere nzima. Lakini muwe na akili: kapovu keupe chini ya kifuniko cha mafuta tu, kwenye kamio yenye kufanya njia fupi fupi kwenye baridi ya milima, mara mingi ni unyevu tu. Joji njo inasema kweli. Na kwenye motere za mazutu, kipoza mafuta chenye kutoboka kinaweza pia kuchanganya mafuta na maji. Fundi mwenye kusema "kilasi" palepale bila kupima, mumuulize kama ameangalia kile.

Juu ya mulima

Mushale wa joto ukipanda, shofere asimame mbele mushale ufike mwisho, si nyuma ya kona yenye kufuata. Kama maji ingali ndani na mvuke hautoke, aache motere izunguke pole pole bila muzigo kwa dakika mbili tatu, ventilatere inasaidia. Kama mvuke unaruka, azime. Mawe nyuma ya matairi. Kisha kungoja, na kungoja ni saa moja, hata wateja wakipiga simu mara kumi. Maji iongezwe kidogo kidogo motere ikiwa imepoa.

Muangalie pia udanganyifu mumoja: maji ikiisha kabisa, mushale unaweza kushuka. Kile kipimo kinapima maji, na kikibaki kwenye hewa kinasoma baridi. Shofere anafurahi, na kumbe motere inaungua. Mushale wenye ulikuwa juu na unaanguka gafula ni sababu ya kuzima, si ya kuendelea.

Juu ya madawa ya njiani, nitasema mawazo yangu. Nyeupe ya yai, pilipili, sabuni, unga wa muhogo: vinaziba tundu, ni kweli, lakini vinaziba pia tutundu twa radiatere, na mwezi wenye kufuata munanunua radiatere. Kutosha termosta ni desturi mubaya zaidi. Motere inatembea baridi, inakula mazutu, inajisaga, na muvujo ungali pale. Termosta ikikwama, inunuliwe ingine.

Kuhusu maji ya kuweka, maji ya mutoni inaleta matope na chumvi. Maji ya mvua, yenye kukingwa wakati paa imekwisha kunawa, ni bora. Lakini likidi ya kweli yenye kuchanganywa na maji nusu kwa nusu inapita yote: inachelewa kuchemka na inazuia kutu. Ila ni sumu, na ni tamu. Mbuzi, imbwa na watoto wanaweza kuinywa. Isimwangwe kwenye mufereji wa muchele wala pembeni ya nyumba, na isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kunywea.

Kwa komite, ombi moja tu. Yule mwenye kuandika kwenye kaye kama maji inapunguka asikatwe mushahara kwa sababu ya kuandika. Kwenye kooperative ile ya Ruzizi waliamua hivyo nyuma ya Ngomo, na shofere ni yule yule. Kaye inafungiwa kwenye kabini na kamba, na prezida anaisoma kila siku ya posho.

Nyuma ya kutengeneza, radiatere ijazwe pole pole, kipasha joto cha kabini kikiwa wazi, motere izunguke mpaka mupira wa chini upate joto, hewa itoke, maji iongezwe. Kisha kartoni inarudi chini ya motere kwa asubui tatu, na kamio haipakie muzigo wa Ngomo mbele ya ile ya tatu.